Mwendo wa Mviringo na Kona za Njia ya Pongwe

Katika mambo ambayo watu huyaona kila siku wala wasiyatie moyoni ni mwendo wa vitu viendavyo mviringo. Gurudumu la baiskeli lazunguka, feni ya darini yazunguka, pia ya mtoto yazunguka juu ya sakafu, jiwe lazunguka ndani ya teo, na mwezi tuutazamiao kila mwisho wa Shaabani wazunguka dunia. Mambo haya kwa macho ni mbalimbali, lakini kanuni yao ni moja. Wala kanuni hiyo si ya wanafunzi wa shule peke yao, kwani ndiyo hiyo hiyo iamuayo kama basi lililojaa abiria litapita kona salama au litaanguka ubavu. Kwa hiyo tumeona yafaa tuieleze kwa lugha ya nyumbani, mzazi aweze kumsomea mwanawe, na mwana aweze kumweleza mzazi wake. Mifano yetu mingi tutaichukua Pongwe, mji mdogo ulio magharibi ya Tanga katika njia ya Muheza, ambako reli, barabara, mkonge na saruji vyote vimekutana mahali pamoja.

Kitu kiendacho hupenda kunyoka

Asili ya maelezo yote ni neno moja, nalo ni hili: kitu kiendacho, kikiachwa peke yake, huendelea mbele kwa njia iliyonyoka na kwa mwendo ule ule. Watu wengi wa zamani walidhani ya kuwa kitu hakiendi ila kwa kusukumwa daima, na kwamba msukumo ukikoma nacho husimama. Abu Ali ibn Sina, aliyeishi tangu mwaka 980 hata 1037, aliuona upungufu wa maneno hayo. Akasema kuwa kitu kilichorushwa, lau kingepita mahali patupu pasipo kizuizi chochote, kisingekuwa na sababu ya kusimama. Baada yake walipita wataalamu wengi, hata mwaka 1687 Isaac Newton wa Uingereza akaiandika kanuni hiyo katika kitabu chake na kuifanya msingi wa elimu ya mwendo. Kitu kikishaanza kwenda hakihitaji kusukumwa ili kiendelee. Chahitaji kuzuiwa ili kisimame, na chahitaji kuvutwa au kusukumwa upande ili kigeuke.

Sasa na tumtazame kijana alindaye ndege katika shamba la mpunga. Atia jiwe katika teo, alizungusha juu ya kichwa chake, kisha aachia ncha moja ya kamba. Maadamu teo lazunguka, mkono wavuta kamba na kamba yavuta jiwe kuelekea kati. Jiwe lataka kunyoka, na kamba yalikatalia kila nukta. Matokeo ya ugomvi huo ni duara. Kamba ikiachiwa, mvuto wa kuelekea kati umekoma, na jiwe laifuata njia yake iliyonyoka.

Hapa ndipo wengi wakoseapo. Hudhani ya kuwa jiwe lililoachiwa hukimbia kutoka katikati kwenda nje, kana kwamba kitovu cha duara kimelifukuza. Sivyo. Jiwe huenda upande ule ule lililokuwa likielekea wakati wa kuachiwa, mfano wa rula iliyoegemezwa kwenye ukingo wa sahani, ikaugusa mahali pamoja tu. Asiyeamini na apindue baiskeli, alowanishe tairi la nyuma na kulizungusha kwa nguvu, atazame matone. Matone hayaruki kwa kufuata mstari wa spoku. Yaruka kwa kuliambaa tairi, kila tone likishika njia iliyonyoka tangu mahali lilipobandukia.

Na abiria wa basi ni kama tone lile. Basi likikata kona kwenda kulia, yeye hujiona ametupwa kushoto, akamwegemea jirani yake na kuomba radhi. Lakini aliyesimama kando ya barabara haoni mtu aliyemsukuma. Aona ya kuwa mwili wa abiria ulikuwa ukienda moja kwa moja, na basi ndilo lililogeuka chini yake, hata ubavu wa gari au bega la jirani likamlazimisha naye ageuke. Nguvu ya kweli katika mwendo wa mviringo ni ile ivutayo kuelekea kati. Ikipatikana, kitu huzunguka. Ikikosekana au ikipungua, kitu hutoka njiani.

Reli iliyofika Pongwe mwaka 1894

Wajenzi wa reli waliijua kanuni hii na waliiheshimu. Njia ya reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 katika zama za Wajerumani, nayo ndiyo reli ya kwanza katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika. Kipande chake cha kwanza, chenye urefu wa kilomita 14, kiliishia hapa Pongwe, kikafunguliwa mwezi wa Oktoba 1894. Muheza ilifikiwa mwaka 1896. Upana baina ya vyuma viwili vya reli hiyo ni mita moja.

Gari moshi halina usukani. Ni kitu gani basi kiligeuzacho penye kona? Jibu la kwanza ni kwamba penye kona chuma cha upande wa nje huinuliwa kidogo kuliko cha ndani, ili behewa liinamie ndani na uzito wake wenyewe usaidie kulivuta kuelekea kati ya duara. Kiasi cha kuinua hupimwa kwa kufuata mwendo uliokusudiwa. Kwa sababu hiyo dereva wa gari moshi hupewa mwendo maalumu kwa kila kona, wala hapewi ruhusa ya kuuzidisha kwa kuwa amechelewa.

Jibu la pili ni la ajabu zaidi. Magurudumu mawili ya gari moshi yameshikanishwa na chuma kimoja, hayawezi kuzunguka kila moja kwa idadi yake. Lakini penye kona gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Katika reli yenye upana wa mita moja, gari likigeuka robo ya duara, gurudumu la nje hupita njia iliyozidi ya mwenziwe kwa mita moja na nusu na kidogo, kona ikiwa pana au ikiwa nyembamba. Dawa yake ni umbo la gurudumu. Uso wake haukuchongwa sawasawa kama pipa, bali umelalia upande mmoja: karibu na ukingo wa ndani ni mnene zaidi, na kwa nje ni mwembamba. Gari likifika penye kona, magurudumu husogea kidogo upande wa nje. Gurudumu la nje likakanyaga kwa unene wake, na la ndani likakanyaga kwa wembamba wake. Hivyo kila moja likapata safari liistahiliyo, na gari likageuka bila kuburuzwa.

Korona, saruji na ndoo ya maji

Mwaka ule ule wa 1893 ndipo Richard Hindorf alipoleta katika pwani hii mbegu za mkonge, na katika hizo zilizosalimika ni 62 tu. Kutokana na hizo yalitoka mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa ya kwanza duniani kwa mkonge, hata katika miaka ya mwanzo ya 1960 nchi ikatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kila shamba kubwa lilikuwa na korona, yaani mtambo wa kukamua majani. Ndani yake huzunguka ngoma ya chuma yenye visu butu. Jani huingizwa likashikwa, visu vikalipiga na kuliponda, na nyama yake pamoja na maji ikatimuliwa ikatoka kama matone ya tairi la baiskeli, kwani hakuna kiishikacho isizifuate njia zake zilizonyoka. Singa ndefu hubaki, kwa kuwa zimeshikwa. Katika uzito wa jani, singa ni kama sehemu 4 tu katika 100. Zilizobaki zote ni maji na nyama ya jani.

Pongwe leo yajulikana zaidi kwa saruji, kwa sababu ardhi yake ina mawe ya chokaa. Katika viwanda vingi vya saruji ulimwenguni hutumika kinu cha namna ya pipa kubwa la chuma lililolazwa, ndani yake mna tufe nyingi za chuma. Pipa likizunguka, tufe hupanda na ubavu wake, kisha huanguka na kuyaponda yaliyo chini. Mtu aweza kudhani ya kuwa kadiri pipa lizungukavyo kwa kasi ndivyo lisagavyo zaidi. Kumbe kuna mpaka. Kasi ikizidi, tufe hazianguki tena. Zaganda kwenye ubavu wa pipa na kuzunguka pamoja nalo, na kinu chafanya kelele bila kusaga kitu. Kwa pipa lenye upana wa mita 4, mpaka huo ni kama mizunguko 21 kwa dakika. Fundi hodari hukiendesha kinu chini ya kiasi hicho, akapata unga kwa kujua pa kuishia.

Na kanuni hii ya tufe yaweza kuonekana uani. Mwambie kijana atie maji nusu ya ndoo, aizungushe kwa mkono ulionyooka, ipande juu ya kichwa na kushuka. Akiizungusha upesi, maji hayamwagiki hata ndoo inapokuwa kichwa chini. Si kwamba maji yameacha kuvutwa na ardhi. Maji yavutwa kama kawaida, ila mvuto huo wote watumika kuyageuza katika duara, na ndoo nayo yageuka pamoja nayo. Ikiwa toka begani hata majini ni mita moja, yatosha mzunguko mmoja uchukue sekunde mbili au chini yake. Akizembea, atarowa, na hilo ni somo la bei nafuu.

Mashine ya kufulia hukamua maji ya nguo kwa njia hii, na hospitali hutenga chembe za damu na maji yake kwa kuzungusha vichupa kwa kasi kubwa. Lakini nguvu ifaayo yaweza kudhuru. Jiwe la grinda huandikwa ubavuni mwake kasi ambayo halitakiwi kuizidi. Fundi alifungaye katika mashine iendayo mara mbili ya kasi hiyo amelitaka jiwe lijishike kwa nguvu mara nne, nalo laweza kupasuka na vipande vikaenda kwa njia iliyonyoka hata usoni mwake.

Dunia, satelaiti na mwezi

Huenda msomaji akauliza: ikiwa dunia yazunguka, mbona sisi haturushwi kama matope ya gurudumu? Swali hili ni la zamani sana. Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, aliandika habari za astrolabu iliyotengenezwa na as-Sijzi kwa kufuata rai ya kwamba dunia ndiyo iendayo; na waliopinga rai hiyo walihoji ya kuwa, kama ni kweli, mawe na miti ingeng'oka. Hesabu yatupa jibu. Mtu aliyesimama Pongwe huchukuliwa na dunia kuelekea mashariki kwa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa, lakini duara lake ni kubwa mno hata lamchukua siku nzima kulimaliza. Kwa hiyo nguvu itakiwayo kumgeuza ni ndogo, kama sehemu moja tu katika 290 ya mvuto wa ardhi. Gunia la kilo 100, likipimwa kwa mizani ya springi, huonekana jepesi kwa gramu 340 hivi kuliko ambavyo lingekuwa kama dunia ingesimama. Hiyo ndiyo athari yote.

Kasi hiyo ya dunia yafaa kwa mwenye kurusha satelaiti kuelekea mashariki, nayo ni kubwa zaidi karibu na ikweta. Ndiyo maana Waitalia walichagua bahari ya karibu na Malindi, katika pwani ya Kenya, wakasimamisha jukwaa la San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya iliyoadhimisha miaka saba ya uhuru, palirushwa hapo satelaiti ya Marekani iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru. Ndiyo ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa kuchungua miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Ilizunguka dunia mara moja kila dakika 96 hivi, ikaendelea na kazi yake hata mwaka 1973. Haikuwa na kamba, wala haikusukumwa na mashine kila wakati. Ilikuwa ikianguka kuelekea ardhini, lakini kwa vile ilienda mbele zaidi ya kilomita 7 kwa kila sekunde, ardhi yenye mviringo ilikuwa ikijikunja chini yake kwa kiasi kile kile.

Mwezi nao uko katika hali hiyo. Kila sekunde huenda mbele karibu kilomita moja, na katika sekunde hiyo huiacha njia iliyonyoka na kutuangukia kwa milimita moja na theluthi hivi. Haufiki kamwe, kwani daima wapita kando. Huimaliza duara yake kwa siku 27 na theluthi. Mbona basi miezi yetu ni ya siku 29 au 30? Kwa sababu katika muda huo dunia nayo imekwenda mbele katika kulizunguka jua, na mwezi wahitaji siku mbili na kitu zaidi ili uwe tena baina yetu na jua, mwandamo uanze upya. Mwenye kuutafuta mwezi ufuoni baada ya magharibi atazama mwendo wa mviringo ulio mkubwa, awezao kuuona kwa macho matupu, kila mwezi, bila malipo.

Kona ya barabara

Sasa twashuka katika jambo lililotushika kalamu. Mholanzi Christiaan Huygens alitangaza mwaka 1673 kanuni za nguvu itakiwayo kugeuza kitu katika duara. Nguvu hiyo huongezeka kwa uzito wa kitu. Huongezeka kadiri kona inavyobana. Na kwa kasi huongezeka kuliko vyote, kwani kasi ikizidishwa mara mbili nguvu huzidi mara nne, na kasi ikizidishwa mara tatu nguvu huzidi mara tisa.

Tuchukue basi la tani 10 katika kona ambayo kutoka kitovu cha duara yake hata barabarani ni mita 100. Likienda kilomita 40 kwa saa, lahitaji kuvutwa upande kwa nguvu kama uzito wa tani moja na robo. Likienda kilomita 80, lahitaji nguvu kama uzito wa tani tano, yaani nusu ya uzito wake wote. Na ni nani atoaye nguvu hiyo? Si usukani, wala si injini. Ni mshiko wa tairi na lami peke yake. Lami ikiwa kavu na tairi likiwa zima, mshiko watosha. Mvua ikinyesha, au pakiwa na mchanga, au tairi likiwa kipara, mshiko hupungua hata pengine haufiki nusu ya uzito. Na hapo basi lafanya kama jiwe la teo, lashika njia iliyonyoka, na barabara imekwisha kugeuka.

Zaidi ya hayo, gari refu laweza kupinduka kabla ya kuteleza. Ikiwa magurudumu ya pande mbili yameachana kwa mita 2, na kiini cha uzito wa gari ki juu kwa mita moja na nusu, lina nafasi. Lakini mizigo ikirundikwa kwenye keria hata kiini hicho kikapanda mita 2, basi lile lile katika kona ile ile kwa kilomita 80 limefika ukingoni mwa kupinduka, na springi zake zikilala upande ajali huja mapema zaidi. Dereva aliyepita jana salama bila mzigo hana hoja leo.

Mwendesha pikipiki naye, akilalia ndani penye kona, hafanyi madaha. Afanya kama reli iliyoinuliwa. Lakini kulala kwake kwategemea mshiko wa tairi mbili nyembamba. Akipakia watu watatu, mtindo uitwao mishikaki, hawawezi kulala naye sawasawa. Na akikamata breki katikati ya kona, mshiko uliokuwa wa kumgeuza wagawanywa, sehemu yake ikaenda katika kumsimamisha, iliyobaki ikawa haitoshi. Kwa hiyo ada ya mwendeshaji mwenye akili ni kupunguza mwendo kabla ya kuingia kona, siyo ndani yake.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kuwa mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa ulimwenguni kwa ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hata 29. Hao ndio wana wetu. Nasi penye matanga twazoea kusema, ajali haina kinga. Neno hili lina mahali pake, ni la kumfariji aliyefiwa. Lakini si la kumpa udhuru aliyekimbiza gari. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ndipo ategemee. Kupunguza mwendo penye kona ni kumfunga ngamia.

Twawasihi basi vijana wanaoshika usukani waikumbuke hesabu ya mara mbili kuwa mara nne. Twawasihi wazazi wanaomnunulia kijana pikipiki wamfunze haya kabla ya kumkabidhi ufunguo. Na twawasihi abiria, wake kwa waume, wasione haya kumwambia dereva, kwa adabu na kwa sauti isikikayo, apunguze mwendo. Aliyechelewa kufika Tanga kwa dakika tano aweza kuomba radhi kwa aliokuwa wakimngoja.